Mwalimu Anajibu: Edmond wa Vanila na Watu wa Kilwa Waliovushwa Bahari

Mwezi uliopita nilitaja kwa mistari mitatu tu mashamba ya miwa ya Mauritius na Réunion, nikadhani nimepita njia. Kumbe nimegonga mlango. Barua zimekuja kutoka Muleba hadi Newala, na safari hii nimeweka kando maswali mengine yote ili nizijibu. Mtaniwia radhi mliouliza kuhusu mitihani. Zamu yenu inakuja.

*

*Dada Mwalimu, salamu kutoka Muleba. Mimi ni mkulima wa vanila, nina mashina mia mbili na kitu chini ya migomba. Bwana shamba aliyetufundisha kuchavusha alisema njia hii iligunduliwa na mtoto mtumwa. Wenzangu kikundini walicheka, wakasema hizo ni hadithi za semina. Ni kweli? Na kama ni kweli, huyo mtoto alilipwa nini?* – Mkulima, Muleba

Ni kweli, kaka yangu. Waambie wenzako jina lake ni Edmond. Nalitanguliza jina kwa sababu ndilo pekee alilokuwa nalo. Mtumwa katika kisiwa kile hakuwa na jina la ukoo.

Alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, upande wa kaskazini wa kisiwa kilichoitwa Bourbon, ambacho leo ni Réunion, mashariki ya Madagaska. Mama yake, Mélise, alifariki akimzaa. Baba yake aliitwa Pamphile. Wote walikuwa watumwa, na mtoto akawa mtumwa tangu pumzi ya kwanza. Alikulia kwa mwenye shamba mmoja Mfaransa, Ferréol Bellier-Beaumont, mtu aliyependa sana mimea, akawa anatembea naye bustanini kila asubuhi na kumwonyesha maua. Kusoma na kuandika hakufundishwa.

Sasa wewe unaijua vanila kuliko mimi. Kwao ni Mexico, na kule wako nyuki wanaoliingia ua lake. Ilipofikishwa Bourbon, kuanzia 1819, ilitambaa vizuri, ikachanua vizuri, isizae. Miaka ishirini mabwana waliangalia maua yakinyauka. Ubelgiji mtaalamu mmoja, Charles Morren, alifanikiwa kulizalisha mwaka 1836 kwenye nyumba ya vioo, lakini njia yake haikuwa ya mkulima.

Mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akipita bustanini na Edmond, akaona kwenye shina lake la vanila maganda mawili yananing'inia. Edmond akasema, ni mimi. Alikuwa na miaka 12. Bwana hakuamini, mpaka mtoto alipomwonyesha kwenye ua jingine.

Nilipokwenda Kagera kumsalimia binti yangu aliyeolewa huko, mama mmoja jirani yake alinichukua shambani kabla jua halijapanda, akanipa kijiti cha kuchokolea meno. Akaniambia, shika ua kwa mkono wa kushoto kama unavyoshika kifaranga. Ukiichana ile midomo ya chini unaona kijifundo cheupe, na katikati yake kiutando chembamba kinachotenganisha upande wa dume na upande wa jike. Kijiti kinakiinua kile kiutando, kidole gumba kinakandamiza chavua ishuke. Basi. Maua mawili ya kwanza niliyachana. La tatu likakubali, na yule mama akaniambia kesho yake nije nitazame: likidondoka, nimekosea, likishikilia, nimeweza. Lilishikilia. Nilisimama pale nimelitazama kwa muda mrefu, kwa sababu kila kitu nilichokifanya, kijiti, kiutando, kidole gumba, ni kile kile alichokifanya yule mtoto. Hakuna aliyekibadilisha mpaka leo. Vanila ya Madagaska, ya Komoro, ya Uganda, ya kwako Muleba, yote inapita kwenye kidole gumba cha Edmond.

Mabwana wa kisiwa walianza kumwazima. Alikuwa akipandishwa gari la farasi akapelekwe shamba hili na lile awafundishe watumwa wenziwe. Mwaka 1848 Réunion ilisafirisha kilo 50 hivi za vanila. Mwaka 1898 zilikuwa tani 200.

Unauliza alilipwa nini. Hakulipwa kitu. Utumwa ulipofutwa Réunion, tarehe 20 Desemba 1848, watu wapatao 62,000 waliachwa huru na kila mmoja akaandikiwa jina la ukoo. Yeye aliandikwa Albius, neno wanalosema limetokana na weupe kwa Kilatini. Alishuka mjini kutafuta kazi za jikoni, akahusishwa na wizi wa vito, akafungwa miaka mitano. Bellier-Beaumont aliandika barua kumtetea na kuikumbusha serikali kwamba kisiwa kizima kinaneemeka kwa akili ya mfungwa huyu, na kifungo kikapunguzwa. Yeye huyohuyo alisimama tena pale mtaalamu mmoja wa bustani, Mfaransa, alipodai kwamba ugunduzi ni wake na kijana aliuona kwake. Edmond alirudi Sainte-Suzanne, akafa maskini hospitalini Agosti 1880. Aliombewa posho ya uzeeni, jibu halikuja.

Wakicheka tena kikundini, waulize ni nani mwingine wanayemjua ambaye kazi ya vidole vyake inarudiwa kila asubuhi ya msimu duniani kote.

*

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, nyumbani Kilwa Masoko. Tulipovuka kwenda Kisiwani, mtembeza wageni alituambia sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa amuuzie watu elfu moja kila mwaka. Usiku ule sikulala. Ni kweli? Waliokwenda walikuwa kina nani, na huko waliishi vipi?* – Mwanafunzi, Kilwa

Marahaba, mwanangu. Mimi nami ni wa huko, nimezaliwa Kivinje. Siku nilipousoma mkataba ule nilikuwa tayari na miaka tisa darasani nikifundisha historia, na nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Usione aibu ya kukosa usingizi.

Ni kweli. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim alikubaliana na Jean-Vincent Morice, Mfaransa aliyeanza kama mpasuaji melini akageukia biashara. Kila mwaka watu 1,000. Bei ya kila mtu piasta 20, ile fedha ya Kispania ambayo watu wa pwani wakiita reale. Na juu ya kila kichwa sultani apate zawadi ya piasta 2. Muda: miaka 100. Hesabu mwenyewe, hesabu hii haihitaji kikokotoo. Watu 1,000 mara miaka 100.

Wako wanaotaka nimtaje Mfaransa peke yake, na wako wanaotaka nimtaje sultani peke yake, na barua za pande zote mbili ninazo mezani. Mfaransa alikuwa na fedha, na nyuma yake mashamba yaliyokuwa yakimaliza watu kiasi cha kuhitaji wengine kila mwaka. Sultani alikuwa na bandari. Bara walikuwepo waliovamia vijiji na waliobadilisha mateka kwa nguo na baruti. Waliouzwa hakuna aliyewauliza, si baharini si nchi kavu. Mimi ni mtoto wa Kilwa na ninaipenda Kilwa, na nasema piasta zile 2 zilikuwa dhuluma.

Waliokwenda walikuwa Wamakua, Wamakonde, Wayao, watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Wengi walishatembea majuma kabla ya kuiona bahari. Wanahistoria waliofuatilia safari hizo wanakadiria kwamba katika kila watu watano waliopakiwa Afrika Mashariki kwenda visiwa vile, mmoja alifia njiani. Waliofika walishuka Port Louis, Mauritius, ambayo wakati ule iliitwa Isle de France, au wakapelekwa Bourbon. Na hapo linatokea jambo linalonichoma kuliko yote: wote waliandikwa neno moja, "Mozambique". Mmakonde, Myao, aliyepitia Kilwa, aliyepitia bandari ya Ibo huko Msumbiji, wote Msumbiji. Kisha wakapewa majina mengine: Jupiter, Hector, Figaro, au la mwezi, Janvier. Mtu aliyekuwa na jina la babu yake alilala na jina la Januari.

Maisha yao tunayajua kidogo kupitia mhandisi mmoja Mfaransa, Bernardin de Saint-Pierre, aliyekaa Isle de France kati ya 1768 na 1770 na kuandika aliyoyaona. Kunapambazuka, mjeledi unalia mara tatu. Kila mtu anashika jembe lake na kwenda shambani, karibu uchi, kipande cha nguo kiunoni, jua linawapiga mgongoni. Chakula ni mahindi yaliyosagwa na kuchemshwa kwa maji, au mkate wa muhogo. Muhogo ule ulistawishwa kisiwani na gavana Mahé de La Bourdonnais, aliyefika 1735, kwa lengo la kulisha watumwa kwa bei nafuu. Wewe umekula ugali mkavu siku kitoweo kimekosekana. Fikiria ndio kila siku, na baada yake jembe.

Anayewasimamia ni mnyapara, na mara nyingi mnyapara naye ni mtumwa, mjoli wao, aliyepewa mjeledi. Kosa likitokea, mtu anafungwa mikono na miguu kwenye ngazi, anapigwa hamsini, mia, hata mia mbili, kisha anavishwa shingoni pete ya chuma yenye ncha tatu na kurudishwa kazini damu haijakauka. Jioni wanakusanywa mbele ya nyumba ya bwana kusali. Wanamwombea bwana heri na kumtakia usiku mwema kabla ya kwenda kulala. Nimefundisha kuhusu ngazi na pete ya chuma kwa miaka mingi, na wanafunzi husikiliza kimya. Lakini ninapofika kwenye ile "usiku mwema" ndipo sauti yangu hukwama.

Usiku ulikuwa wao, kidogo. Walicheza. Walikuwa na uta uliofungiwa kibuyu, unaopigwa kwa kijiti, ambao visiwani unaitwa bobre mpaka leo. Mzee yeyote wa Newala au Masasi ukimwonyesha ataushika vizuri. Ngoma za usiku ule ndizo zilizozaa sega ya Mauritius na maloya ya Réunion, na zote mbili leo ziko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO.

Miwa ilikuja kushika kila kitu baadaye, baada ya Waingereza kuiteka Mauritius mwishoni mwa 1810. Mwaka 1825 Uingereza iliondoa tofauti ya ushuru kati ya sukari ya Mauritius na ile ya Karibi, na mabwana wakang'oa mazao mengine. Biashara ya kuleta watu ilikuwa imeshapigwa marufuku, wakaendelea kuwaingiza kwa magendo. Kwa hiyo, mwanangu, baadhi ya watu wetu walipakiwa gizani, kwenye vighuba vidogo, wakati sheria ya Uingereza tayari inasema haramu.

*

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Hapa Unguja tunaambiwa karafuu ni ya kwetu tangu asili. Jirani yangu anasema imetoka huko huko kwenye mashamba ya Wafaransa. Nani mkweli?* – Msomaji, Mtoni, Unguja

Wa alaykum salaam. Jirani yako. Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwaka 1770 Wafaransa waliichukua kwa siri kutoka kwa Waholanzi wakaipanda Isle de France, chini ya Pierre Poivre, msimamizi wa serikali yao huko, kwenye bustani ya Pamplemousses. Kutoka visiwa vile ikaja Unguja karibu na 1818, na Saleh bin Haramil al-Abri ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliileta na kuipanda, huko kwenu Mtoni na Kizimbani. Huyu bwana alikuwa na biashara ya watumwa na Wafaransa. Mwaka 1822 Sayyid Said alitia sahihi mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza wa kukataza kuwauzia Wakristo watumwa, na Saleh akaja kunyang'anywa mashamba yake yote. Mikarafuu ilibaki, na walioichuma walikuwa watumwa pia. Hilo lina barua yake, nalo nitaliandika kwa urefu wake. Sitaki mtu aniambie nimeona boriti ya Bourbon nikaruka ya Unguja.

Na kwa kuwa tumeshaingia jikoni: kahawa nayo. Kuna mbegu iitwayo Bourbon, iliyotoka Yemen ikastawishwa kisiwani humo kuanzia 1715 kwa mikono ya watumwa, na mapadri Wafaransa waliotokea Réunion ndio walioileta Bagamoyo, ikapanda mpaka Kilimanjaro.

*

*Mwalimu, mimi naona mnawaandika mabwana wote kama mashetani. Nimesoma kwamba wako waliowapenda watumwa wao, wakawalea kama watoto wa nyumbani. Hata yule bwana wa Edmond, mtoto wa vanila, alimtetea. Tuwe waadilifu.* – Baba wa watoto wanne, Mombasa

Baba, swali lako ni la haki na nimelifikiria sana kabla ya kulijibu.

Ninaamini Bellier-Beaumont alimpenda Edmond. Barua zake ni za mtu anayejali. Ila tazama alivyomtembeza bustanini miaka yote, akamfundisha majina ya mimea, akaacha kumfundisha herufi. Mtoto mwenye akili ile alifika miaka 19 akiwa mali, na kwa sheria ya Ufaransa mtumwa alihesabiwa kama kitu kinachohamishika, kama meza au mbuzi. Bwana mwema akifa, au akidaiwa, mtumwa wake aliuzwa pamoja na viti.

Sheria yenyewe ya visiwa vile ilitolewa Desemba 1723. Mtoro aliyekaa nje mwezi mmoja akatwe masikio na kuchomwa bega kwa chapa ya ua la mfalme. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na kuchomwa bega la pili. Mara ya tatu, kifo. Walitoroka hivyo hivyo. Réunion walipanda milima ya katikati, Mafate, Cilaos, sehemu ambazo mpaka leo majina yake ni ya Kimalagasi, na serikali ikalipa wawindaji wawafuate. Mwindaji mkubwa, François Mussard, katika miaka ya 1740 na 1750, alithibitisha kazi yake kwa kuleta mikono iliyokatwa. Wamalagasi wengine waliiba ngalawa wakaelekea kwao Bukini, yaani Madagaska, bila tanga wala chakula. Mauritius walijificha kwenye jabali la Le Morne, ambapo mapokeo yanasema baadhi walijirusha walipoona askari wanakuja. Watu hawaruki jabali kukimbia malezi.

Mabwana hawakuwa wa namna moja, hapo nakubaliana nawe. Wako waliokaa kwenye majumba yenye baraza pana na wake zao wakibebwa kwa machela mabegani mwa watu. Wako mafukara waliokuwa na watumwa wawili na deni. Na hawakuwa Wazungu wote: machotara huru nao walimiliki watu, na wengine walikuwa na mama aliyeshuka meli ile ile.

Lakini nikuambie siku ambayo wema wao ulipimwa. Februari 1794 Bunge la Ufaransa lilifuta utumwa katika makoloni yote. Wakoloni wa visiwa vile wakakaa kimya. Mwaka 1796 wajumbe wawili, Baco na Burnel, walifika Port Louis na tangazo hilo mkononi. Hawakumaliza siku nyingi. Wakoloni waliwapandisha meli kwa nguvu wakawafukuza. Kila bwana mpole, kila bwana mcha Mungu, kila aliyekuwa amelea mtoto wa jikoni kama wake, alikuwa na nafasi yake asubuhi ile ya kusema, wacha walisome tangazo. Watumwa wa Mauritius walingoja miaka 39 zaidi.

*

*Mwalimu, walipoachwa huru walilipwa fidia?* – Kwa ujumbe wa simu, Tanga

Walilipwa mabwana. Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wamiliki katika makoloni yake, na wa Mauritius walipata zaidi ya pauni milioni 2. Deni ambalo serikali ilikopa kwa ajili hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015, kwa hiyo msomaji yeyote wa safu hii aliyekuwa akifanya kazi na kulipa kodi London kabla ya hapo alishachangia. Réunion kila mmiliki alilipwa na Ufaransa faranga mia saba na kitu kwa kila mtu. Walioachwa huru Mauritius tarehe 1 Februari 1835 hawakupata hata senti, na hata huo uhuru haukuwa kamili: walilazimishwa kubaki kwa mabwana walewale kama "wanagenzi" mpaka 1839. Mabwana wakatumia fedha zao kuajiri vibarua kutoka India.

*

*Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu Mmakonde, marehemu, alikuwa akisema ndugu za babu yake walichukuliwa pwani wasirudi. Sisi wajukuu tunataka kujua kama kuna daftari lolote walikoandikwa. Au tusahau?* – Wajukuu, Newala

Marahaba, wanangu. Madaftari yapo. Waingereza waliwaandikisha watumwa wa Mauritius mara kadhaa kuanzia 1815, ili wajue nani ameingizwa kwa magendo, na nakala ziko London, Hifadhi ya Taifa huko Kew. Utakuta jina alilopewa, umri, kazi, na asili: "Creole", yaani mzalia, "Malgache", yaani mtu wa Madagaska, au "Mozambique". Hapo ndipo mtakapokwama, kwa sababu jina la nyumbani halimo, na kabila halimo. Nawaambia mapema msije mkalipia mtu anayedai atawatafutia ukoo kwa wiki moja.

Kipo kitu kingine. Kati ya 1845 na 1847, Eugène de Froberville, Mfaransa aliyezaliwa Mauritius kwenye familia ya mabwana, alizunguka Mauritius na Réunion akihoji watu waliotoka pwani yetu na bara yake. Alihoji zaidi ya 300. Aliwauliza nyumbani ni wapi, mito inaitwaje, mlitembea siku ngapi, kwenu hiki mnakiitaje. Walimjibu kwa Kimakua, kwa Kiyao, kwa lugha za kwao, miaka mingi baada ya kuchukuliwa, naye akaandika maneno yao. Nia yake ilikuwa ya sayansi ya wakati wake, iliyopenda kupima watu vichwa, na sitamsifu kwa hilo. Lakini alisikiliza majina.

Na aliwamwagia plasta usoni. Mtu alikaa, akafumba macho, plasta ikagandishwa, ikatolewa, ikawa sura yake kamili. Zimebaki sura kama 60, ziko Blois, Ufaransa, na watafiti wameanza kuoanisha sura na majina na vijiji vilivyoandikwa kwenye daftari za Froberville.

Nimeziona kwa picha. Macho yamefumbwa, midomo imekazwa kwa sababu plasta inawasha. Na kwenye mashavu na paji la uso, wanangu, chale zote zipo. Mistari, nukta zilizofuatana, pembe iliyolala chini ya jicho. Plasta imezinakili mshono kwa mshono. Bibi yenu alikuwa na chale? Kama mna picha yake, itazameni vizuri mchoro wake, au muulizeni mzee yeyote aliyemjua, kisha mniandikie mchoro huo kwenye karatasi, shavu la kulia na shavu la kushoto. Nitauweka pembeni ya picha nilizonazo.